Chandarua cha Vifaranga

Nyumbani kwetu kuku walilala vizuri kuliko watoto.

Baba alikuwa mpiga kokoto. Kutwa alikaa juani na nyundo, akivunja mawe. Mama alikwenda vibarua, kupalilia mashamba ya watu. Sisi watoto watatu tulilala mkeka mmoja, shuka moja. Mimi nilikuwa mkubwa wao, nipo darasa la mwisho la shule ya msingi.

Mwaka ule homa ilinizoea. Wiki hii shuleni, wiki ijayo mkekani. Mtihani ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu. Baba alishaanza kuchonga mpini wa nyundo ndogo. Hakusema ni ya nani. Niliuogopa mpini ule kuliko homa yenyewe.

Asubuhi moja akaja mhudumu wa afya wa kijiji, rafiki wa Mama. Sisi tulimwita Shangazi. Alinikuta mlangoni nimejikunyata, natetemeka. Kisha akatazama uani, akashika kiuno.

Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wanatembea ndani ya chandarua chetu. Baba alikuwa amekifunga kwenye miti minne, na chini amekibana kwa mawe.

"Shemeji, umekifunga vizuri kweli," Shangazi akasema. "Pembe zote zimenyooka, chini hakuna upenyo. Ila waliomo ndani ndio siwaelewi. Kwenye daftari langu la kugawa vyandarua niliandika watoto watatu. Wenye mabawa sikuwaandika."

"Mwewe atawamaliza, shemeji!" Baba akajitetea. "Mbu anachukua tone moja la damu. Mwewe anabeba kifaranga kizima!"

"Hilo tone si kitu. Shida ni anachoacha. Mbu akimuuma mgonjwa wa malaria, anabeba vimelea. Baadaye akimuuma mtu mwingine, anamwachia. Huyu mtoto ataugua hivi hivi mpaka mtihani umpite."

"Mimi nimesema mwezi mzima," Mama akadakia. "Labda ningeota mabawa ningesikilizwa."

Baba akakuna kichwa.

Siku hiyo hiyo Mama alinipeleka zahanati. Wakanitoboa kidole, wakapima damu. Ilikuwa malaria. Nikapewa vidonge vya siku tatu. Siku ya pili nikapata nafuu, nikataka kuviacha. Shangazi akanijia juu.

"Vidonge si mboga, kwamba ukishiba unabakiza! Maliza vyote."

Chandarua kilinuka banda. Shangazi alituonyesha kukifua taratibu kwa sabuni ya mche na maji baridi. Tukakianika kivulini, maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa yake. Baba akashona matundu saba. Tukakitundika kwa kamba nne na kukichomekea chini ya mkeka pande zote. Vifaranga nao wakasukiwa tenga la fito. Walilalamika siku mbili, wakazoea.

Tangu hapo Baba akawa askari. Kila jioni alizunguka mkeka wetu, akikagua kwa vidole.

"Mguu wa nani huu uko nje? Rudisha ndani!"

Hata ukitaka kwenda haja, ilibidi ujieleze kwanza.

Homa haikurudi. Mtihani niliufanya wote, kichwa chepesi, mkono hautetemeki.

Majibu yalipobandikwa shuleni, Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Hakujua kusoma. Mwalimu akamwonyesha jina langu katika orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Baba akaweka kidole pale, akaganda. Wazazi wenzake wakaanza kunung'unika nyuma yake, nao wanataka kuona. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, nikalia.

"Sogea basi, mzee, nasi tuone!" mmoja akapiga kelele.

"Subirini kidogo," Baba akasema bila kugeuka. "Mtoto wangu yupo hapa."