Homa Aliyoisahau Bi Somoe

Kirejezi, mashine ya kuonyesha ubongo ulivyokuwa zamani, kilikizunguka kichwa cha Badi polepole, na juu ya kiti ubongo wake ukatokea hewani kwa mwanga wa kijani, ukirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Ulipofika ujanani, Dakta Zuwena, dada yake aliyeiunda mashine hiyo, akaisimamisha.

"Tazama, shangazi. Ubongo wa kijana hupogoa viunganishi vya neva usivyovihitaji. Wa Badi ulipogoa kupita kiasi, ndiyo maana anasikia sauti. Jini hayumo."

Shangazi Tatu akabetua midomo. Tangu Zuwena apate akili, shangazi huyu amekuwa akimsuta mama yao, Bi Somoe, kwamba alitoka nje magharibi na mimba ya Badi, jini akampitia mtoto. Bi Somoe hakuwahi kujibu. Zuwena alijinyima usingizi miaka mingi ili tu amsafishe mama yake, na leo moyo ulimdunda kwa furaha.

"Dada, kichwa kinaniwasha," Badi alilalamika.

"Vumilia kidogo, mpenzi wangu."

Picha ikarudi hadi tumboni mwa mama. Doa jekundu likawaka.

"Alama ya homa kali ya mama," mashine ikasema kwa upole. "Homa peke yake haitoshi kuleta maradhi haya. Imekutana na vinasaba vya urithi, vya pande zote mbili."

Kusikia upande wake nao umetajwa, shangazi alipepesa macho, kisha akajikaza. "Haya, homa hiyo aliitoa wapi?"

"Nimesahau," Bi Somoe akajibu haraka.

Bi Somoe asahau! Mtu anayekumbuka mpaka nguo alizovaa kila jirani siku ya harusi yake! Zuwena akamtazama. Alijua kwamba utotoni aliugua mafua makali, akakimbizwa hospitali mgongoni kwa mama. Hakuwahi kuuliza lini.

"Mama, magharibi ile ulitoka na mimi?"

Bi Somoe akamfuta machozi yaliyoanza kumtoka kwa upindo wa kanga. "Ulikuwa unawaka moto, mwanangu, hata kupumua huwezi. Ningengoja kuche? Na ningesema, wangekunyooshea kidole wewe, ukue na mzigo huo. Mie mtu mzima. Afadhali nisemwe mie."

Shangazi Tatu akainamisha kichwa.

"Kumbe homa yako tuligawana," Badi akacheka kitini, "na hata ahsante hujaniambia!"

Zuwena akapiga magoti, akamkumbatia Badi.

"Ahsante," akasema.