Aliyefungiwa Ndani ya Gari la Maharusi

Jumamosi mchana, mbele ya jengo la maduka, watu walikuwa wakimiminika kama siafu waliokanyagwa, na katikati ya maegesho gari la wazi la rangi ya maziwa lilikuwa limekwama, paa lake likiwa juu juu. Paa lile jeusi la turubai halikufungika wala halikufunguka. Lilisimama wima nyuma ya viti kama mtu aliyetaka kupiga chafya ikakatika. Wingu zito lilikuwa linakuja. Kwenye usukani alikaa dada mmoja wa shati jeupe lililopigwa pasi, glavu nyeupe na skafu nyekundu shingoni, akikidonoa kitufe kama kuku anayedonoa mtama.

"Dada, usikibonyeze hivyo, unalichanganya."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, jora la turubai begani, shati lake limejaa vipande vya nyuzi.

"Kaka, leo kila anayepita hapa ni fundi. Wa mwisho kaniambia nilisukume."

"Mimi ndiye ninayeyashona mapaa haya. Hebu fungua buti."

Buti lilifunguka, na ndani yake vikapu vya maua vilikuwa vimebanana. Kijana akacheka, akavisogeza, akashusha kizuizi kigumu kilichogawa buti.

"Hiki kisipolala mahali pake, paa haliendi popote. Linaogopa kukupondea vitu vyako."

"Basi lina huruma kuliko mwenye gari."

"Sasa vuta hendibreki. Shikilia kitufe. Hakidonolewi hicho, kinashikiliwa mpaka vioo vipande juu. Hata nikipiga kelele usikiachie."

"Na wewe upige kelele kwa nini?"

"Kwa furaha."

Paa likajinyoosha, likaja mbele polepole, likajibana juu ya kioo. Vioo vikapanda. Tone la kwanza la mvua likadondoka, na kijana bado amesimama nje na jora lake. Dereva akashusha kioo kidogo.

"Ingia basi, utalowa."

"Na turubai langu?"

"Turubai halilowi. Anayelowa ni wewe."

Akaingia. Mvua ilinyesha, wakaongea, ikaacha, wao wakaendelea kuongea.

Dada yule alikuwa dereva wa maharusi. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kukabidhiwa gari lile, na alikuwa mwanamke wa kwanza kulishika. Tajiri wake, mzee mnene asiyekosa suti, alimpa ufunguo na onyo: mtu asiyehusika asiingie ndani ya gari. Dereva aliyemtangulia aliwahi kumpa rafiki lifti, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Dada huyu alikuwa na mama mwenye miguu inayovimba, asiyeweza tena kusimama sokoni. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiinjika sufuria nyumbani kwao.

Lakini mapenzi hayaulizi kanuni za kazi. Simu zilianza, asubuhi na jioni.

"Haloo, Fundi. Umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi kesho usije kula kwetu. Nitakupigia tu."

"Aa, laazizi! Sauti ni ya kushushia. Wali upo palepale."

Alikwenda kula. Mama mtu alimpenda kwa sababu alikula bila kujivunga, kisha akamshonea mto wa kuwekea miguu. Naye Dereva alipelekwa kwa dada mkubwa wa Fundi, aliyekuwa na chumba cha kusuka nywele, na siku ya kwanza tu yule dada alimkalisha kwenye kiti, akamshika kichwa na kusema, "Wifi, nywele hizi ulikuwa unazichana na reki?" Wakacheka mpaka wateja wakageuka. Tangu hapo akawa wifi.

Shughuli zikiisha, Dereva alikuwa akimweleza Fundi tabia za gari kama mtu anayemsimulia mtoto wake.

"Rimoti ukiibonyeza mara moja, linafunga. Mara mbili, linafunga kabisa, hata aliye ndani hawezi kufungua. Na lile pale karibu na kioo ni jicho. Kitu kikitikisika ndani, alamu inalia. Ukitaka kuliacha paa wazi, au kumwacha mtu ndani, sharti ulizime jicho kwanza."

"Na mimi jicho langu nalizima wapi? Kila ukitikisika, moyo unapiga kelele."

"Wewe betri yako itakwisha."

Ikafika Jumamosi ya harusi kubwa. Ukumbi ulikuwa na ngazi pana, mazulia na wageni wa mavazi ya kung'aa. Dereva alipokuwa akilipanga gari nje, akaona kitambaa cha ndani cha paa kimeachia mshono, kinaning'inia juu ya mahali atakapokaa bibi harusi. Akapiga simu.

"Moyo wangu, uko wapi? Njoo na sindano. Njoo upesi."

Fundi alifika akihema. Wakafunga paa, yeye akajikunja nyuma ya viti, akaanza kushona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, uzi kati ya meno. Kazi ilikuwa inaelekea kwisha. Ghafla Dereva akainua macho, akamwona tajiri anashuka ngazi za ukumbi, anakuja upande wao, akiongea na baba wa bibi harusi.

"Inama! Usitikisike, tajiri anakuja!"

Akatoka, akafunga mlango, akabonyeza rimoti mara mbili. Kwa hofu, lile jicho hakulikumbuka.

Ndani jua lilikuwa limelioka turubai. Fundi alilala sakafuni, magoti kifuani, jasho likimwingia machoni. Nje alisikia sauti ya mpenzi wake ikisema, "Ndiyo mzee, kila kitu tayari," na ile ya tajiri ikijibu, kisha ikaanza hadithi ndefu juu ya njia ya kupita. Alijikaza. Mguu ukafa ganzi. Jasho likajaa kope. Akainua mkono kidogo tu, ajifute.

Alamu ikalia.

Ililia kama ng'ombe anayechinjwa. Taa zikapepesa zote, wageni wakakimbilia ngazini, walinzi wakaja na virungu. Tajiri akasogeza uso kwenye kioo.

"Kuna mtu ndani ya gari langu! Nani huyu?"

Akamgeukia Dereva. Baba wa bibi harusi naye akamgeukia. Macho yote yakawa usoni pake. Alifungua mdomo, na katika ule muda mfupi aliuona mguu wa mama yake, akamwona dereva aliyefukuzwa, akaiona skafu nyekundu shingoni mwa mtu mwingine.

"Simjui," akasema.

Rimoti ilibonyezwa, alamu ikanyamaza, milango ikafunguka. Walinzi wakamvuta Fundi kwa ukosi. Mkononi ana mkasi na sindano.

"Alikuwa anachana paa huyu!" mtu akapiga kelele.

Fundi alimtazama Dereva. Alimtazama tu. Angeweza kusema neno moja, simu ya Dereva ilikuwa bado na namba yake juu kabisa. Hakusema. Akainamisha kichwa, wakamwondoa kumpeleka polisi, mmoja akamzaba kofi njiani, na kofi lile lilisikika mpaka kwenye gari.

Dereva aliwaendesha maharusi. Paa lilifunguliwa, watu walirusha maua, bibi harusi aliimba. Yeye alishika usukani kwa glavu nyeupe, tabasamu usoni kama limebandikwa kwa gundi, na kila kona aliyokata aliliona lile jicho karibu na kioo.

Shughuli ilipokwisha alikimbilia kituo cha polisi na sare yake ya kazi. Dada mkubwa wa Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Tumeshamtoa. Nimewaonyesha chumba chake cha kushonea, wakaelewa. Amekwenda kulala."

"Wifi, naomba tu nimwone..."

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti. "Hata mimi mtu akiniuliza barabarani, mke wa mdogo wako anafananaje, nilikuwa namchorea. Kaniuliza askari hapa, kuna mtu anayemjua huyu kijana? Nikasema mimi. Peke yangu. Rudi nyumbani, mama."

Simu haikupokelewa jioni ile, wala kesho yake. Jumatatu asubuhi Dereva alikwenda ofisini kwa tajiri, akaweka ufunguo wa gari mezani, akasema yote akiwa amesimama: kwamba yule kijana ni mchumba wake, kwamba alikuja kushona, kwamba yeye ndiye aliyemfungia. Akangoja kufukuzwa.

Tajiri akavua miwani.

"Nilikwenda kulikagua paa jana. Mshono ule sijawahi kuuona. Kumbe ni wake?" Akatikisa kichwa. "Binti yangu, ungeniambia ni fundi, kwisha. Ningempa mkono na maji ya kunywa. Yule wa kwanza sikumfukuza kwa ajili ya lifti, yule alikuwa mlevi. Chukua ufunguo wako, kazi inakusubiri."

Dereva alitoka ofisini akaketi kwenye ngazi. Laiti angefukuzwa! Angekuwa na cha kumwambia Fundi, angesema, angalia na mimi nilichopoteza. Sasa hakuwa hata na hicho. Kilichomtia hofu hakikuwapo, na yule aliyemtoa kafara alikuwapo.

Fundi alipokea simu siku nyingi baadaye, wakakutana kwenye mkahawa mdogo nyuma ya soko la nguo. Alikuwa amekonda kidogo. Dereva alilia kabla chai haijaletwa.

"Nyamaza," Fundi akasema, akimsogezea kitambaa. "Nimeshakusamehe."

"Kweli?"

"Kweli. Mimi sina kinyongo. Ningekuwa nacho nisingekuja."

"Nilimfikiria mama. Niliogopa, mpenzi."

"Najua. Mle ndani nilikuwa nakuombea. Nilikuwa nasema, mwenyewe atapata neno. Atasema fundi tu, basi. Sikutaka mchumba, fundi ingetosha."

Walirudiana. Alikuja tena kula, mama akafurahi, na wifi, baada ya kununa kwa muda, alimsuka tena ingawa kimya kimya. Dereva akajaa bidii. Kila walipokutana na mtu, muuza magazeti, mwalimu wake wa zamani, hata mtu aliyeuliza tu njia, alimshika Fundi mkono na kusema kwa sauti, "Huyu ni mchumba wangu! Fundi hodari!" Mwanzoni Fundi alitabasamu. Baadaye akawa anatazama viatu vyake.

Jioni moja, wamesimama nje ya chumba cha kushonea, Fundi alimwachia mkono.

"Dereva wangu, unachoka."

"Kuchoka na nini?"

"Kunitangaza. Kila ukisema, naona unatua mzigo, na kesho unaukuta palepale. Na mimi kila ukisema nalisikia lile neno la siku ile. Sitaki kulisikia, Mungu shahidi, lakini linatangulia."

"Nifanye nini basi? Niambie, nitafanya."

"Hakuna la kufanya. Ungekuwa na kosa la kurekebisha, ningekuonyesha mahali pa kushona." Macho yalikuwa yamemlowa. "Nimepata kazi mji mwingine. Wanatengeneza mapaa ya mabasi ya watalii. Nakwenda."

"Unaniacha."

"Nakupenda, na nakwenda."

Alimkumbatia pale pale mbele ya wapita njia, muda mrefu, shati lake likinuka nta ya uzi, kisha akaingia ndani na kuwasha cherehani, maana alijua akisimama zaidi hatakwenda.

Hakuna aliyempigia mwenzake. Mwaka ukapita. Siku moja, jua la mchana, anga halina hata wingu, Dereva alikuwa nje ya ukumbi akingoja maharusi, paa wazi, maua yamefungwa milangoni. Simu ikalia. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi.

"Mama, hujambo? Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Mdogo wangu anaoa mwezi ujao. Huko huko aliko."

"Anamwoa nani?"

"Muuguzi. Mpole."

"Ana bahati," Dereva akasema. "Mwambie... La, usimwambie kitu. Ahsante, dada."

"Alikuulizia. Aliuliza kama mama yako anatembea."

"Anatembea kidogo."

Alipokata simu, alivuta hendibreki, akashikilia kitufe. Paa likanyanyuka, likamfunika, vioo vikapanda mpaka juu. Humo kivulini, kwenye joto, aliweka paji la uso kwenye usukani akalia bila kujizuia, mabega yakiruka. Alikuwa hajalia hivyo tangu Fundi aondoke.

Kioo kikagongwa. Alikuwa msimamizi wa bwana harusi, ua kifuani, anacheka.

"Dereva! Mbona umefunga, na jua zuri namna hii?"

Akajifuta kwa skafu, akashusha kioo.

"Nilikuwa nalijaribu, kaka," akasema. "Waite maharusi. Nafungua sasa hivi."