Saini ya Mke wa Muuzaji

Jumamosi asubuhi Jovina alikuwa amekaa mlangoni akichambua dagaa. Alikuwa mjane wa miaka miwili. Yeye na binti yake Immaculata walipanga chumba kimoja huko Buswelu, Mwanza. Mumewe, Alexander, alifanya kazi kiwanda cha samaki mpaka alipofariki. Mafao yake yalikuwa benki, na Jovina hakuwahi kuyagusa. Ndiyo mali pekee aliyoachiwa. Yakipotea, basi.

Alitaka nyumba ndogo. Mama na mwana wakae chumba kimoja, vingine wapangishe. Na nyumba ilikuwa imejileta yenyewe! Elias, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, alikuwa anauza yake ya vyumba vitano. Alitaka alipwe Jumatatu.

"Hati umeiona?" aliuliza Teodora.

Teodora alikuwa jirani yake, fundi cherehani. Pia alikuwa msaidizi wa kisheria wa kata. Alifundishwa kuwaeleza watu haki zao bila malipo, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Anayo. Ameniambia."

"Nimekuuliza kama umeiona."

Jovina aliweka ungo chini. "Dada Teodora, yule mtu alisafiri na mwili wa Alexander mpaka Muleba. Alishika jembe akachimba kaburi. Leo nimwambie lete karatasi nizikague? Nitamtazamaje kwenye jumuiya?"

Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. Mgeni tunamhoji kama polisi. Mtu tunayesali naye tunaona aibu kumuuliza. Jovina hakuwa mjinga. Alikuwa na shukrani, na shukrani hiyo ilimfunga mdomo.

"Wema mlipe kwa wema," alisema Teodora. "Nyumba ni jambo jingine. Omba nakala ya hati, tuipeleke ofisi ya ardhi. Watatuambia kiwanja ni cha nani, na kama kimewekwa rehani au kina kesi. Na mke wake je? Nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja. Mwenzi wake lazima akubali kwa maandishi. Umeongea naye?"

"Mkewe, dada Modesta, yuko Misungwi, analima."

"Basi hujaongea naye. Nenda kwanza kwa wapangaji. Wao ndio wanaolala humo, wanaijua."

Jovina alinuna. Lakini alipomaliza dagaa wake, alikwenda.

Alimkuta Precious, mpangaji wa chumba cha mbele, anamnyonyesha mtoto.

"Karibu mama. Nyumba si mbaya," alisema Precious. "Ila masika maji yanaingia vyumba vya nyuma, na choo kimejaa. Mkataba wa maandishi hatuna, tunaelewana kwa mdomo tu." Kisha akashangaa. "Kwani inauzwa? Mama mwenye nyumba alikuwa hapa mwezi uliopita. Huu ukuta alipaka chokaa yeye mwenyewe. Hakutuambia kitu."

 Jovina aliomba maji ya kunywa.

Kesho yake, baada ya misa, yeye na Teodora walikwenda Misungwi. Modesta alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai. Aliwapa viti, akasikiliza.

"Nyumba ipi?" aliuliza.

"Ya Buswelu, dada."

Modesta alikaa chini palepale, kando ya mpunga. Kuku walikuja wakaanza kudonoa, wala hakuwafukuza.

"Niliuza ng'ombe watatu niliorithi kwa mama yangu," alisema. "Maji ya kufyatulia matofali niliyabeba mimi, mtoto mgongoni. Siuzi." Akamtazama Jovina. "Ungelipa kesho, ningekuja kukutoa. Tungelia wote wawili. Asante kwa kuja kuniuliza."

Jumatatu Jovina alipiga moyo konde, akaenda kwa Elias.

"Mwenyekiti, kwa yale uliyomfanyia Alexander nitakushukuru mpaka kufa. Lakini nyumba sinunui. Nimeongea na dada Modesta."

Elias aliinamisha kichwa. "Nilijua angekataa," alisema. "Ndiyo maana sikumwambia."

Jovina alirudi nyumbani analia. Mafao yalikuwa salama, lakini alimlilia mtu aliyekuwa akimheshimu. Jambo hilo lilimuuma kwa muda mrefu.

Miezi mitano baadaye alisikia kwamba Mzee Shimba na mkewe, Bibi Paskazia, wanauza nyumba ya vyumba vinne. Walikuwa wanahamia kwa mtoto wao Bujora. Safari hii Jovina hakuona aibu. Alikwenda kuiona mvua ikinyesha, akatazama kuta na shimo la choo. Aliwauliza wapangaji. Aliongea na majirani wa pande zote kuhusu mipaka, kisha akamuona mwenyekiti wa mtaa. Nakala ya hati aliipeleka ofisi ya ardhi, akasubiri majibu yao ndipo akakubaliana bei.

Siku ya kusaini walikaa mbele ya wakili. Mzee Shimba alisaini haraka. Wakili akamgeukia mkewe.

"Bibi, unakubali nyumba iuzwe?"

Bibi Paskazia hakujibu. Mzee Shimba alikohoa. Wakili aliinua mkono kumzuia. Jovina aliipenda nyumba hii kuliko ile ya kwanza. Lakini alimkumbuka Modesta, akasubiri.

"Nina mihogo nyuma ya nyumba," alisema bibi hatimaye. "Bado kukomaa."

"Usijali, bibi," alisema Jovina. "Mihogo ni yako. Ikikomaa, njoo uvune."

"Asante, mwanangu." Akaweka dole gumba kwenye wino. "Nakubali."

Sharti la mihogo liliandikwa kwenye mkataba. Fedha zilipita benki, na hati ikahamishiwa jina la Jovina. Yeye na Immaculata walichukua chumba kimoja. Wapangaji watatu walipewa mikataba ya maandishi inayosema kodi, muda, na nani anatengeneza nini. Kila anayelipa hupewa risiti. Sehemu ya kodi huwekwa kando kwa matengenezo, na mfereji wa maji ya mvua ulichimbwa mapema. Katika mwaka mzima hakuna mpangaji aliyehama.

Mihogo ilipokomaa, Bibi Paskazia alikuja na gunia. Jovina alifunga kanga kiunoni, wakavuna pamoja. Walipomaliza, bibi alifuta udongo mikononi.

"Siku ile kwa wakili ulinisubiri," alisema. "Nimekaa kwenye ndoa miaka arobaini na mbili, mwanangu. Sikuwahi kuulizwa kama nakubali."