Maji ya kwa Muigai Yalipimwa

Nzula alichemsha maji kama mtu aliyeapishwa. Kila asubuhi alibeba mtungi kutoka kwa Muigai, kwenye kisima kirefu cha pampu pale Uthiru. Aliyaacha maji yatokote hadi yapungue nusu. Sufuria yake ilikuwa na ukoko mweupe ndani. Majirani walimtania kwamba siku moja atachemsha hata mvua. Yeye hakujali. Kinga ni bora kuliko tiba, alisema, na kweli nyumbani kwake hakuna aliyeharisha.

Lakini Mukai, binti yake wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameacha kucheka. Meno yake ya mbele yalikuwa na madoa ya kahawia, mengine yamemeguka. Shuleni walimwita Majani Chai. Alizungumza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, hata mbele ya mama yake. Nzula alimgombeza kwamba hasugui. Mtoto alisugua hadi ufizi ukatoka damu. Jamani, kumlaumu mtoto asiye na kosa ni jambo linalouma hata baadaye.

Ogutu, muuguzi wa meno kwenye kliniki, ndiye aliyemfungua macho. Alieleza kwamba madoa yale hayakutokana na uchafu. Maji ya chini ya ardhi huku yana madini yanayoitwa floridi. Kidogo husaidia meno. Yakizidi, huyaharibu yakiwa bado ndani ya ufizi, kabla hayajaota.

"Lakini mimi huchemsha," Nzula akasema.

"Kuchemsha huua viini, Mama Mukai. Madini hayafi. Maji yakipungua, madini yanabaki yote kwa sufuria."

Nzula akainamisha kichwa. Mgongoni alikuwa amembeba Musili, kitinda mimba wake wa miaka miwili. Ogutu alimtazama mtoto, akasema meno yake ya ukubwani yalikuwa yakijengwa wakati huohuo. Ya Mukai yamekwisha kuharibika, ya huyu bado. Visima havifanani, kwa hiyo ajue kwanza cha Muigai kina floridi kiasi gani. Serikali ilishavipima visima vya huku, na majibu ni ya wananchi wote.

Kesho yake Nzula aliomba ruhusa kazini Loresho, alikokuwa akifua nguo, akaenda mjini. Katika ofisi ya serikali inayosimamia maji alipanga foleni tangu saa tatu hadi saa saba. Karani hakuinua hata macho.

"Mama, hiyo iko kwa tovuti."

Alimwonyesha tangazo ukutani lenye anwani ya ofisi kwenye mtandao. Nzula aliinakili herufi kwa herufi.

Simu yake ilikataa kuifungua. Ciru, mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na soko, akaifungua kwa kompyuta. Zilikuwa kurasa mia moja na kumi na mbili, zote kwa Kiingereza, zote picha za karatasi zilizopigwa upandeupande. Huwezi kuandika neno na kompyuta ikutafutie. Lazima usome kwa macho. Walisoma siku nzima wakimtafuta Muigai. Wapi! Ofisi huvijua visima kwa nambari za vibali, na watu wa Uthiru hawajawahi kusema ila "kwa Muigai". Zamani nambari ilikuwa imeandikwa kwenye mlango wa kibanda cha pampu, lakini kila Desemba Muigai huupaka mlango rangi mpya ya kijani. Walipomuuliza, alisema kibali kiko kwa wakili.

Nzula alilia palepale saiba. Musili alikuwa na kiu, na maji ya kumpa yalikuwa yaleyale.

"Tusitafute tena," Ciru akasema. "Tuwaulize wao, kwa maandishi. Sheria iko."

Akamweleza polepole. Mwananchi yeyote anaweza kuomba habari kwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika aseme, na afisa aandike. Halazimiki kutoa sababu. Kama hana nambari, aeleze mahali. Ofisi ina siku ishirini na moja za kujibu, na jambo la uhai wa mtu lijibiwe kwa saa arobaini na nane. Wakikataa, analalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tena abaki na nakala yenye muhuri, la sivyo watasema hawakumwona.

Barua ilikuwa mistari sita. Nzula alipoipeleka ofisini, karani alimwambia airudie kwa Kiingereza. Nzula hakuondoka.

"Sheria inasema Kiswahili ni sawa," alisema. "Nipigie muhuri."

Siku ya kumi na tisa aliitwa. Alipewa karatasi moja tu. Kiwango cha juu cha floridi kinachokubaliwa ni miligramu moja nukta tano kwa lita. Kisima cha Muigai kilikuwa na sita nukta mbili. Nzula akaitazama tarehe ya kipimo, akahesabu kwa vidole. Miaka tisa iliyopita. Wakati huo Mukai alikuwa na miaka miwili.

Mwangangi, mumewe, alifunga mfereji kwenye paa, akaweka tangi la maji ya mvua ya kunywa na kupikia. Nzula bado huyachemsha, kwa sababu viini vipo. Ciru aliandika majibu kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, wakayabandika kwenye kibanda cha pampu. Muigai akabandua. Wakabandika tena, akabandua tena. Mara ya tatu aliyebandika ni Nyokabi, mke wa Muigai mwenyewe, kwa kuwa wajukuu wake hunywa hapo. Karatasi ikabaki. Majirani nao wakaanza kwenda saiba kuandika barua zao, ingawa kiangazi kikikaza wapo ambao hawana pengine pa kuchota.

Jioni moja Mukai aliichukua ile karatasi, akaisoma hadi mwisho.

"Mama, hii ilikuwa wapi?"

"Kwa tovuti."

"Miaka hiyo yote?"

"Miaka hiyo yote."

Mukai akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha Musili akaomba maji. Mukai akauondoa mkono, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili, akamjazia kikombe cha maji ya mvua.