Mvua ya Blanketi

Kila Jumatatu asubuhi, Mama Cheche alikuwa hakosi redio. Aliiweka dirishani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili kifuniko cha betri kisidondoke. Kisha alikamua ng'ombe huku akisikiliza. Hakuwa anangoja muziki. Alingoja taarifa ya kila wiki kuhusu mvua, mazao na mifugo.

Mama Cheche lilikuwa jina la utani. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hasira zake hazikuhitaji kiberiti. Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa kinyume chake. Yeye hata mbwa akimng'ata, angemwuliza kwanza kama amekula.

Jumatatu hiyo maziwa hayakujaza hata kikombe. Ng'ombe wao waliyemwita Bibi Harusi, kwa mwendo wake wa maringo, alikuwa anatafuna boksi la karatasi. Majani yalikuwa yamekwisha.

Shambani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wiki mbili nyuma redio iliwaambia wapande. Wakapanda nusu ya mbegu zao. Mahindi yakachungulia kwa manyunyu ya siku moja, kisha yakakauka. Nusu iliyobaki ilikuwa ndani ya debe, chini ya kitanda. Mbegu hizo zikifa, hakuna nyingine. Na nyumba ile ilikuwa na watu sita wa kulishwa.

Redio ikasema:

"Upande wa bonde, mvua za kutosha zimeendelea kunyesha. Mazao yako katika hali nzuri. Mifugo ina afya na malisho ya kutosha. Wakulima ambao hawajamaliza kupanda wanashauriwa kumaliza wiki hii."

Mama Cheche aliinuka, kikombe mkononi.

"Mvua gani?" alifoka. "Bonde gani? Kuna bonde jingine nisilolijua?"

"Redio haina masikio, mama watoto," mumewe alisema.

"Basi anayeisemesha anayo! Malisho ya kutosha! Aje amwone Bibi Harusi anakula boksi!"

"Tulia kidogo. Wenzetu wana mitambo, labda wanajua zaidi. Majirani wameanza kupanda leo. Na sisi tupande."

"Tupande kwenye vumbi?"

"Wamesema wiki hii. Tukichelewa tutachekwa."

Wapo watu wanaoogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa njaa. Fundi baiskeli alikuwa mmoja wao, na pale kijijini hakuwa peke yake.

Kabla mkewe hajajibu, pikipiki ilisimama nje. Alikuwa bibi shamba, msichana mwenye buti za mpira na mkoba wa turubai. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wakulima wa vijiji tisa. Kijiji hiki alikuwa hajakiona tangu mwezi uliopita.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba ya nini, mwanangu, na njaa iko mlangoni? Umesikia mlivyotudanganya asubuhi hii? Njoo!"

Alimshika mkono, akamvuta mpaka shambani. Bibi shamba hakubisha. Aliinama, akachimba kwa jembe dogo. Chini ya vumbi kulikuwa na vumbi. Alichota udongo, akaufinya kiganjani. Alipofungua vidole, ulimwagika wote.

"Mama, hapa hapapandwi kitu," alisema. Uso wake ulibadilika. "Udongo ukiwa na maji, ukiufinya unashikana. Na unyevu uwe umeshuka chini kina cha shubiri moja. Hapa hata ukucha hauloi."

"Mbona mmesema tupande?"

"Sisi husema tunacholetewa. Bonde hili lina kipimo kimoja cha mvua. Kipo nyumbani kwa karani wenu. Yeye ndiye anayeandika ripoti na kuituma kila Jumapili. Huandika mvua, mazao na mifugo."

"Karani?" Mama Cheche alijifunga kanga kiunoni. "Karani huyu huyu ninayemjua mimi? Leo atanitambua!"

"Twende wote," alisema bibi shamba. "Hata mimi nina hasira. Ripoti zake nimezisoma kwenye karatasi mwezi mzima bila kuja kuangalia. Hilo ni kosa langu."

Mama Cheche hakutegemea hilo. Alikuwa amezoea maofisa wanaotupa kosa kwa mwingine. Lakini hasira yake ilikuwa imeshavaa viatu, hairudi nyuma.

Karani alikuwa uani kwake, anakunywa chai. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni hata siku ambayo hana la kuandika. Kwenye kona ya ua, juu ya nguzo fupi, kilisimama kipimo cha mvua. Ni kopo refu la bati lenye mdomo mpana, na ndani yake mna chupa yenye mistari ya kuhesabia. Kilikuwa kinang'aa. Karani alikifuta kila siku.

Juu ya kipimo ilipita kamba ya kuanikia nguo. Juu ya kamba lilianikwa blanketi zito, limetoka kufuliwa. Ncha ya blanketi ilining'inia katikati kabisa ya mdomo wa kipimo. Tone. Tone. Tone.

Mama Cheche alitazama blanketi. Akatazama mbingu. Hakukuwa na wingu hata la dawa.

Bibi shamba aliitoa ile chupa taratibu, akaiinua mbele ya macho yake.

"Milimita kumi na nane," alisoma. Akanusa. "Na ina povu. Karani, mvua hii ya sabuni imenyesha lini?"

Karani aliweka kikombe chini. "Mimi nilifundishwa kusoma mstari," alisema. "Ninausoma kila asubuhi. Sikuambiwa niangalie juu."

"Hukuambiwa!" Mama Cheche alipiga makofi. "Jamani! Mtu mzima unaona jua linawaka, ardhi imepasuka, halafu unaandika mvua imenyesha kwa sababu mkeo amefua? Kila siku ya kufua, bonde zima linapanda mbegu! Unajua mbegu zangu zimekufa ngapi kwa blanketi lako?"

"Mama Cheche, usinivunjie heshima nyumbani kwangu."

"Heshima yako iko wapi niivunje?"

Bibi shamba aliingia kati. "Tuache blanketi kwanza. Karani, umeandika pia kwamba mazao ni mazuri na mifugo ina afya. Blanketi halijui mifugo. Hayo uliyatoa wapi?"

Hapo karani alipata nguvu. Aliingia ndani, akatoka na daftari kubwa lililofunikwa kwa gazeti.

"Mimi situngi," alisema. "Kila wiki ninauliza wakulima watano, na ninaandika jina la kila mmoja na jibu lake. Sikilizeni. Jumamosi, saa moja asubuhi, njia ya kisimani. Niliuliza: habari za shamba? Jibu: nzuri. Niliuliza: na mifugo je? Jibu: hawajambo." Akainua macho. "Aliyejibu ni Mama Cheche."

 Hata blanketi kama lilisita kudondosha.

Mama Cheche alikumbuka. Alikuwa ametoka kisimani, ndoo kichwani, shingo inauma. Karani alipita na baiskeli yake. Akamsalimu. Naye akajibu kama mtu yeyote mwenye adabu anavyojibu.

"Ile ilikuwa salamu!" alipiga kelele.

"Nilikuuliza, ukajibu."

"Mtu huulizwa habari za asubuhi hata siku ya msiba, na hujibu nzuri! Ulitaka nikusimamishe njiani, na ndoo kichwani, nikuhesabie majani yaliyokauka?"

"Ndiyo," alisema bibi shamba.

Wote wawili wakamgeukia.

"Ndiyo, mama. Na wewe karani, ulipaswa kumwambia kwamba unaandika. Salamu ni salamu na ripoti ni ripoti. Ukitaka ripoti, usiulize habari. Uliza vitu vinavyohesabika. Katika mashina kumi, mangapi yamenyauka? Ng'ombe wanakula nini? Maji wanayafuata mbali kiasi gani? Wangapi wanaumwa? Halafu uende ukaone kwa macho. Na nyinyi wakulima msione haya kusema ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

 Mama Cheche alikuwa amekuja na hasira ya kutosha watu kumi. Sasa hakujua aimwage wapi. Alimkasirikia karani. Alijikasirikia mwenyewe. Alilikasirikia hilo neno "nzuri" ambalo alikuwa amelisema maisha yake yote, hata siku ambazo hakuwa na chumvi ndani.

"Andika upya," alisema mwishowe. "Sasa hivi. Mbele yangu."

Waliandika. Mvua: sufuri.

"Kwa kawaida nisipoona maji naweka kistari," karani alisema kwa sauti ndogo.

"Kistari maana yake hukupima," alijibu bibi shamba. "Sufuri maana yake umepima, na hakuna mvua. Mkulima anahitaji kuijua sufuri."

Mashina yaliyonyauka: tisa katika kumi. Malisho: hakuna. Ng'ombe dhaifu: Mama Cheche alitaja nyumba moja baada ya nyingine, karani akaandika mpaka wino wa kalamu ya kwanza ukaisha. Kumbe ile ya pili ilikuwa na kazi.

Bibi shamba alipiga simu ofisini. Alieleza yote. Walimsikia ofisa wa upande wa pili akisema, "Tumepokea. Itatangazwa kwenye taarifa ya Jumatatu ijayo."

Mama Cheche aliinyakua simu.

"Wewe mwanangu! Jumatatu ijayo mbegu zitakuwa zimeoza au zimeliwa na mchwa! Uongo mmeutangaza leo asubuhi, na ukweli mtautangaza leo mchana!"

 "Sawa, mama," sauti ya upande wa pili ikajibu.

Alimrudishia bibi shamba simu yake. Ndipo akakumbuka. Debe! Lilikuwa chini ya kitanda, na mumewe alikuwa nyumbani na redio.

Alikimbia. Kanga ilimfunguka njiani, akaishika mkononi. Alipofika, fundi baiskeli alikuwa katikati ya shamba, jasho linamtoka, debe pembeni yake. Mistari mitano ilikuwa imeshafukiwa.

"Acha!" alipiga kelele. "Weka jembe chini!"

"Redio imesema..."

"Redio imesema nilichosema mimi!"

Mumewe alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Ikabidi akae kwenye tuta amsimulie. Alimsimulia blanketi, akamsimulia daftari, akamsimulia na ile "nzuri" yake. Alitegemea atachekwa. Fundi baiskeli hakucheka. Aliinamisha kichwa.

"Wiki iliyopita aliniuliza mimi," alisema. "Nikamwambia tunamshukuru Mungu."

Walipiga magoti. Walifukua mistari mitano, shimo kwa shimo, wakitoa mbegu moja moja kutoka kwenye vumbi na kuzirudisha debeni. Saa saba mchana redio ya dirishani ilikatiza muziki. Ilisema taarifa ya asubuhi kuhusu bonde ilikuwa na makosa. Mvua haijanyesha. Wakulima wasipande. Kutoka mashamba ya jirani, majembe yalinyamaza moja baada ya jingine.

Wiki ile kipimo kilihamishwa. Kilisimikwa uwanjani, mbali na miti, mapaa na kamba za nguo. Karani alikisoma kila siku saa tatu asubuhi, macho yakiwa sawa na mstari, kisha akamwaga maji ili kesho aanze upya. Siku nyingi hakukuwa na cha kumwaga. Aliandika sufuri. Na kwa sababu ofisi sasa ilijua hali ya ng'ombe, lori la marobota ya majani lilifika siku ya kumi. Bibi Harusi alilisogelea kwa mwendo wake uleule wa maringo, japo mbavu zilihesabika.

Mvua ilikuja wiki ya nne. Siku ya kwanza milimita kumi na mbili. Fundi baiskeli alitaka kupanda palepale. Mkewe alichimba, akapima kwa kiganja, akamwambia angoje. Siku ya pili milimita ishirini na moja. Alichimba tena. Shubiri nzima ilikuwa na unyevu. Alifinya udongo, ukashikana kama donge.

"Lete debe," alisema.

Mwezi mmoja baadaye Mama Cheche alikuwa anatoka kisimani, ndoo kichwani. Karani alikuja na baiskeli yake.

"Habari za shamba, Mama Cheche?"

"Nzuri," alijibu, akaendelea na safari.

Nyuma yake alisikia breki. Karani alikuwa ameshuka, daftari mkononi, kalamu imefunguliwa. Hakuwa ameandika kitu.

"Nzuri kiasi gani?" aliuliza. "Katika mashina kumi?"

Mama Cheche alisimama. Alimtazama kwa muda, kuanzia kalamu mpaka viatu. Kisha aliteremsha ndoo, akaiweka chini kando ya njia.

"Mimi usiniamini," alisema. "Njoo uhesabu mwenyewe."