Ndege Ndani ya Sakoshi

Kila Jumamosi asubuhi Biasha alimsaidia mama yake kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni hapo Rumonge. Jumamosi hii alipewa ruhusa, maana alikuwa ameisumbua nyumba nzima kwa wiki tatu. Darasa lao, pamoja na Mwalimu Hamidu, lilikwenda kutazama ndege katika msitu wa Kigwena.

Mama Jovita, mwongozaji wa msitu ule, aliwapokea njiani, chini ya miti mirefu.

"Amahoro, watoto," alisema. "Humu tunatembea polepole, tunaangalia, tunaandika mu kaye, mu daftari. Sheria iko moja. Mutoto akikamata ndege hata mmoja, darasa lote linarudi nyumbani, na shule yenu haitaingia humu tena."

Biasha akaishika sheria ile, akaanza kuwalinda wenzake utadhani ameajiriwa. Macho yake yalimwangukia Naomie, msichana aliyekuja darasani mwezi uliopita akitokea Uvira, huko Kongo. Biasha hakumwamini. Ungemuuliza sababu, asingekuwa nayo, ila kwamba Naomie alikuwa mkimya na hakuongea na mtu isipokuwa binamu yake wa darasa hilohilo, Exaucé.

Walimwona mdiria, wakawaona njiwa wa porini. Kila Mama Jovita alipotaja jina, kwa Kirundi na kwa Kifaransa, wote waliinamia madaftari kuandika. Kalamu ya Naomie haikuandika kitu. Kisha Naomie akabaki nyuma, akapotea kwa muda. Aliporudi alikuwa na majani nywelini, anahema, na sakoshi yake, mkoba wa shule, ameikumbatia kwa mikono miwili.

Machale yakamcheza Biasha. Akasogea karibu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Nimeisha kamata yangu," Naomie alimnong'oneza Exaucé. "Iko mu sakoshi."

"Mwalimu akiiona?"

"Usimwambie mutu."

Akilini Biasha akamwona ndege akikosa hewa humo ndani, akaliona darasa lote likirudishwa. Akaitazama ile sakoshi, ikatikisika. Ilitikiswa na ndege, au ni Naomie aliyepumua? Biasha hakungoja kujua. Akakimbia mbele.

"Mwalimu! Naomie amekamata ndege! Iko mu sakoshi yake, nimesikia na masikio yangu!"

Msafara wote ukasimama. Mwalimu Hamidu akakunja uso. Mama Jovita akarudi nyuma, akainama mbele ya Naomie.

"Fungua, mwanangu."

Naomie akatoa chupa ya maji, mihogo miwili ya kuchemsha na daftari. Hapakuwa na ndege, wala unyoya.

"Ndege iko wapi?" akauliza Mwalimu Hamidu.

Naomie akafungua daftari, akainua kalamu yake, machozi yakimtoka. "Ni hii. Niliikamata na biki. Majina ya ndege siyajue, si kwa Kirundi, si kwa Kifaransa. Nilisikia haya kuuliza, ndiyo nikachora, nikaificha."

Ulikuwa mchoro wa hondohondo mwenye mdomo mkubwa uliopinda, ameuingiza kwenye ufa wa shina la mti. Mama Jovita akaliangalia daftari kwa muda mrefu.

"Huyu ni dume," alisema. "Jike amejifungia ndani na mayai, mlango umezibwa kwa udongo. Dume anamlisha kupitia huo ufa. Nimeutafuta mti huu mwezi muzima! Uko wapi, mwanangu?"

Naomie alilirudisha daftari ndani ya sakoshi, akaifunga. Darasa lote likamgeukia Biasha.

Kamata! Sokoni, mama yake anapouza ndagala, wanawake kutoka Kongo humwambia kutwa nzima, "Kamata feza," "Nitakamata hizi ndagala," na Biasha anajua fika kwamba wanamaanisha kuchukua. Hajawahi kupiga kelele kwa ajili yao. Aibu ilimshika, akatamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza, lakini hapo angeshindwa hata kumtazama Naomie.

"Naomie, nimekukosea," alisema mbele ya wote. "Ulisema umekamata, mimi nikasikia umenasa ndege. Sikukuuliza. Unisamehe."

Naomie akajifuta macho. "Ungeniuliza, ningekuonyesha wewe wa kwanza."

Maneno hayo yalimuuma Biasha kuliko kugombezwa. Naomie akapita mbele, akawaongoza hadi kwenye mti ule.

Walikaa mbali na mti, kimya kabisa. Hatimaye hondohondo akatua na tunda mdomoni, akalisukuma kwenye ufa. Ndani ikatokea ncha ya mdomo mwingine, ikalipokea. Hata Mwalimu Hamidu alisahau kuandika.

Wakati wa kurudi alimwita Biasha pembeni.

"Neno hili 'kamata' unalisikia sokoni kwa mama yako kila mara, na unalielewa. Leo umeshindwa kwa nini?"

"Kwa sababu alilisema Naomie."

"Umejibu kweli, na nimefurahi. Hilo ndilo somo la leo. Ulikuwa umeshamshuku, kwa hiyo hata neno unalolijua likakugeukia. Kulinda sheria ni vizuri, lakini siku nyingine muulize mwenyewe kwanza, kwa upole. Mwalimu yupo, hakimbii."

"Ndiyo, Mwalimu."

Biasha akaharakisha hatua mpaka akamfikia Naomie. Wakatembea bega kwa bega, kisha Biasha akajikaza.

"Naomie, kule Uvira kuna ndege gani?"