Sauti Ndani ya Ndoo

Ukumbi wa maduka ya simu ulifurika, kila duka na spika yake, kila spika na kelele zake. Nesi mmoja, gauni la bluu limemkaa sawasawa, alisimama mbele ya meza ya kijana aliyeitwa Fundi Nyimbo, akatoa fleshi na simu ndogo ya vitufe.

"Kaka, nahamishiwa zahanati ya mbali, mtandao hakuna. Nataka nyimbo zangu zote ziingie kwenye simu hii."

Fundi alicheka. "Dada, hiyo ni kutia kabati ndani ya pochi. Itabidi niziminye."

"Kuminya ndiyo nini?"

"Kompyuta inaondoa sauti ambazo sikio halizijali, wimbo unakuwa mdogo. Nikiminya kidogo, hutajua. Nikiminya sana, utajuta."

"Basi minya kwa huruma."

Fundi wa watu akapenda palepale. Kazi ya siku moja akaivuta wiki nzima, akamwongezea na nyimbo za mapenzi alizomchagulia mwenyewe. Simu nazo hazikukatika.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nitakulaje na nakuwaza wewe?"

"Muongo mkubwa!"

Siku moja nesi alikuja kusikiliza kazi ilipofika. Ikaanza sauti ya mwanamume na gitaa: "Kidosho wangu, hii ni yako." Nesi akafumba macho, akatabasamu, machozi yakamlengalenga. Fundi akashikwa na wivu, lakini hakuuliza kitu. Alipobaki peke yake, nyimbo za yule bwana aliziminya bila huruma hata chembe.

Jioni ya kuamkia safari, nesi akiwa ameshachukua simu yake ndogo, simu ya fundi ililia.

"Mpenzi, nyingine zote safi. Ila za huyu mmoja zimekuwaje? Kama anaimba ndani ya ndoo."

"Ndivyo alivyorekodi," fundi alidanganya.

"Kaka yangu hakuimba hivyo. Sauti yake ndiyo pekee niliyobaki nayo tangu tumzike."

"Nisamehe. Nilidhani ni mpenzi wako. Nilifanya kusudi."

"Si ungeniuliza tu?" Alikuwa analia. Akakata simu.

Fundi alikwenda mbio hadi kwao, kompyuta kwapani, shati halijui pasi. Mama mtu akafungua mlango.

"Ndiye wewe uliyemtia mwanangu kwenye ndoo?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kumtoa."

Mama alijikaza asicheke, akashindwa, akampisha.

Kidosho, kama kaka yake alivyozoea kumwita nesi, alileta fleshi na ile simu bila kumtazama fundi. Fundi akazirudisha nyimbo za kaka kwa ukubwa wake wote. Simu ikajaa kabla hajamaliza.

"Nafasi haitoshi," alisema. "Nafuta zile nilizokuchagulia mimi."

"Zote?"

"Zote. Za kaka zibaki."

Hapo ndipo Kidosho alipomtazama. Akamsogelea, akampa upande mmoja wa hedifoni. "Angekuwa hai, huyu ndiye angekuuliza nia yako. Msikilize kwanza, halafu useme."

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Nataka kukuoa," alinong'ona.

"Ongeza sauti," mama aliita kutoka jikoni, "na sisi wengine tusikie!"

Kidosho akaangua kicheko, akamshika mkono, akangoja arudie.